Somo Ambalo Mwalimu Abbasi Hakulitubia

Wazee wangu mlioketi barazani, mama zangu na dada zangu mlio uani, majirani wa Mtaa wa Sikukuu na nyinyi mliotoka Ilala, Gerezani na ng'ambo ya Magogoni, shikamooni, na walio wadogo kwangu nawasalimu pia. Mimi ni Hamis bin Mwinyimvua, muuza duka wa hapa karibu na soko la Kariakoo, ndugu wa tumbo moja na marehemu, na historia hii nimeiandika asubuhi ya leo juu ya meza ya duka huku milango imefungwa, kwa hiyo atakayesikia sentensi imekwenda kombo anisamehe. Lakini ipo sentensi moja ambayo haimo, na hiyo siiombei msamaha, maana baada ya maiti kuoshwa nililetewa ujumbe kutoka kwa watu wa msikiti kwamba nisome mbele yenu kuwa Mwalimu Abbasi kabla hajafa alitubia somo lake, na kwamba nikisoma hivyo Sheikh wetu atasimama mbele ya jeneza, na nisiposoma hatasimama. Nitawaeleza maisha ya kaka yangu kwa utaratibu, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, kisha nyinyi wenyewe mtaona kwa nini haimo.

Marehemu Mwalimu Abbasi bin Mwinyimvua alizaliwa Gerezani, Dar es Salaam, katika mwezi wa Mfungo Sita mwaka 1312 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya serikali ni Septemba 1894, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyimvua bin Hamis, mshona viatu, na Bi Tatu binti Abbasi, aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni kwetu, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajaanza kutembea, na nyinyi mliokaa naye mnajua kwamba hakuacha, hata ukimpa habari ya bei ya mchele atakuuliza aliyekwambia alikuwa amesimama wapi.

Mwaka 1900 alitiwa chuoni kusoma Qur'ani, hapo hapo Gerezani, mkeka mmoja na Sheikh Ubeid bin Abdulla, ambaye leo ndiye imamu wetu na ambaye namwona ameketi pale karibu na nguzo, wakahitimu pamoja mwaka 1905, na nyumba zetu mbili zikapika wali mmoja kwa furaha ya watoto wao. Mwaka 1906 baba alimpeleka skuli ya serikali ya Wajerumani, baadhi ya wazee wakamwonya kwamba mtoto atarudi nyumbani na kofia ya Kizungu, lakini alirudi na kofia yake ile ile ya viua, pamoja na cheti cha tarehe 30 Juni 1910, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya kumsaidia mwalimu wa madarasa ya chini.

Vita vilipokuja kazi hiyo ilikatika. Juni 1917 Waingereza walimchukua kubeba mizigo ya jeshi, akalazwa kwenye mabanda ya wapagazi pale pale ambapo leo mnanunua nyanya na ndizi, kisha akapelekwa kusini, na huko njia ya Mahenge, katika siku za njaa, ndiko lilikoanzia jambo hili lililotufarakanisha. Wapagazi wenziwe walimtaka awape hadithi wakati wa kupumzika mchana, naye akawapa kisa cha Nabii Yusuf kama kilivyo katika Qur'ani, na alipopita mahali ambapo wale ndugu wanataka mmoja wao ashikwe badala ya mdogo wao, kijana mmoja Mngoni wa misheni, jina lake Marcelino, alimkatiza akasema kwamba amepapita mbio mno, kwani katika Biblia ndugu huyo anasimama na kusema maneno marefu yenye kuliza. Abbasi akamwambia basi yaseme, Marcelino akayasema, watu wakaanza kubishana ni wapi panapouma zaidi, kwa baba anayepofuka kwa kulia au kwa ndugu anayejitoa, na tarumbeta ya kuondoka ilipolia hapakuwa na aliyekumbuka kwamba hajala.

Alirejea Dar es Salaam Desemba 1918 akiwa mwembamba kama fimbo, na tarehe 1 Machi 1920 aliajiriwa kuwa mwalimu katika skuli moja ya serikali ya hapa mjini, ambayo wenyewe wamenitumia mtu nisiitaje jina, nami siitaji, mnaijua. Mwaka 1926 alipelekwa bara kwa mafunzo ya ualimu, akarudi mwaka 1928 akapewa darasa la kusoma, na mwaka mmoja baadaye Marcelino naye akaletwa skuli hiyo hiyo kusomesha hesabu, wakakutana mlangoni wakashikana mikono kwa muda mrefu kiasi cha wanafunzi kudhani ni ndugu waliopotezana.

Tarehe 12 Novemba 1921 marehemu alimwoa Bi Mauza binti Nasor, ambaye sasa yumo ndani na tunamwombea subira. Mzee Nasor, muuza kanga wa Mtaa wa Kongo, alimuuliza mbele ya watu mwalimu anakula nini wakati wa likizo, kaka yangu akamjibu kwamba anakula alichobakisha jana, mzee akacheka na posa ikakubaliwa. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wanne, mmoja alifariki mchanga, waliobaki ni Sitara aliyezaliwa 1923, Mwinyimvua aliyezaliwa 1927 na Nunu aliyezaliwa 1931, na wote watatu, wa kike kwa wa kiume, wanajua kusoma na kuandika, kwa sababu baba yao hakukubali kwamba kalamu ina jinsia.

Narudi kwenye kazi, maana ndiko kuliko na shauri letu. Vitabu alivyopewa kusomeshea vilikuwa vya kufuga kuku, kuchimba choo na kunawa mikono, mambo mema yote, lakini alikuwa akija dukani kwangu jioni amenuna, akaniambia siku moja, "Hamis, chuoni watoto wanahifadhi wasichokielewa, skuli wanaelewa kisichostahili kuhifadhiwa, mimi nimekaa katikati naona haya." Basi Januari 1933, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu ambaye aliomba tu asielezwe mengi, akaanza kila Jumatano kuwasomesha kisa cha Nabii Yusuf, si kwa ajili ya swala wala fadhila zake, bali kwa namna kilivyosimuliwa, akiwauliza kwa nini kinaanza na ndoto, kwa nini baba anasononeka kabla hajaambiwa kitu, na kwa nini kanzu inarudi mara tatu, kanzu yenye damu ya uongo, kanzu iliyochanwa kwa nyuma, na kanzu inayomrudishia mzee macho yake. Siku nyingine alimwita Marcelino aje na Biblia yake awasomee kisa hicho hicho, watoto wakalinganisha nini kimesemwa huku na kunyamaziwa kule, na nani analia na mara ngapi, na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakawa wanatoka darasani wakibishana habari ya kisima na mbwa mwitu mpaka Mnazi Mmoja. Wakati huo hakuna mzee aliyelalamika, na wengine mlikuwa mkimsimamisha njiani kumwambia kwamba mtoto amekuja nyumbani akamuuliza bibi yake swali zuri.

Kisha ikafika Jumatano tarehe 10 Oktoba 1934. Siku hiyo, ili watoto waione kanzu kwa macho yao, aliandika ubaoni kwa chaki aya zile tatu kwa Kiarabu, kengele ikalia, akaitwa ofisini, akatoka bila ya kufuta, na aliyeingia baada yake alikuwa Marcelino na hesabu zake, akafuta ubao kwa kitambaa kikavu kama anavyofuta siku zote, chaki ikaanguka sakafuni, na watoto walipotoka wakaikanyaga. Sisi sote tuliopita chuoni tunajua kwamba ubao ulioandikwa Qur'ani haufutwi hivyo, huoshwa kwa maji safi, na maji yake humwagwa mahali pasipopitwa na miguu, na wengine huyanywa kwa kutaka baraka, lakini Marcelino hakupita chuoni, na ubao wa skuli haukuwahi kuoshwa tangu ulipopigiliwa misumari. Kabla ya swala ya magharibi Kariakoo nzima ilikwisha kusikia kwamba Qur'ani imekanyagwa, na kufika isha watu walikuwa wanauliza Marcelino analala nyumba gani.

Kaka yangu alikwenda msikitini usiku huo huo, akasimama baada ya swala, akasema kwamba mwenye kosa ni yule aliyeandika akaondoka bila ya kuosha, si yule aliyekuta chaki akaifuta, na anayetaka kumpiga mtu ampige yeye, yupo. Asubuhi yake alikwenda skuli kabla ya kengele, akafagia sakafu yote kwa mikono yake, akaikusanya chaki katika bakuli, akatembea nayo hadi Magogoni akaimwaga katika maji ya bahari, na hili halikufichwa, walimwona wavuka feri wote wa asubuhi ile. Mimi ningedhani shauri limekwisha hapo, na kwa watu wa haki lingekwisha.

Halikwisha, kwa kuwa chaki ilikuwa mlango tu, waliokuwa hawalitaki somo walipata pa kuingilia. Tarehe 17 Novemba 1934 kikaitwa kikao katika varanda ya skuli, akaja Sheikh Ubeid, akaja Padre wa Marcelino, akaja Bwana Mkaguzi wa elimu, na kwa mara ya kwanza katika mji huu niliona msikiti, kanisa na serikali wanakunywa chai ya birika moja na kukubaliana. Sitawadhulumu, kila mmoja alisema la maana kwa upande wake. Sheikh alisema kwamba leo mtoto ataulizwa kwa nini kanzu imetajwa mara tatu, kesho ataona anayo haki ya kusema ingetosha mara mbili, na kwamba Kitabu hiki ndicho kinachotusahihisha sisi, vipi leo mwalimu awape watoto maksi kwa ajili yake. Padre alisema kwamba Neno la Mungu haliwekwi pamoja na lingine kama maembe mawili gengeni ili watoto wachague lililo tamu. Bwana Mkaguzi alisema kwamba dini ina saa yake na kusoma kuna saa yake, na kwamba serikali haitaki kelele Kariakoo.

Marehemu aliwajibu, nami nilikuwepo nimesimama nje ya nguzo, maneno haya nayasema kama alivyoyasema: "Mabwana, mimi sisomeshi dini, dini ina wenyewe, Sheikh yupo na Padre yupo. Mimi nasomesha kusikiliza maneno, na maneno bora tuliyonayo hapa pwani na huko kwa kina Marcelino yamo ndani ya vitabu hivi, mkiniondolea haya nitabaki na kuku." Wakamwambia kwamba kazi yake ataendelea nayo, mshahara wake utabaki, ila asimame mbele ya wazazi aseme kwamba alikosea, akasema, "Kwa chaki nilikosea, nimeomba radhi, naomba tena hapa. Kwa somo sikukosea." Tarehe 30 Novemba 1934 aliachishwa kazi, na Marcelino, ambaye hakuna aliyemfukuza, aliandika mwenyewe kwamba anaondoka, akaenda kuwa karani bandarini, na leo ameketi pale nyuma, kofia yake mapajani, nami namwambia mbele yenu asogee mbele, mahali pake si huko.

Kwa kuwa mengi yamesemwa juu ya miaka iliyofuata, niseme na mimi. Kuanzia Januari 1935 marehemu alikaa hapa hapa kwenye baraza hili, asubuhi akiwaandikia watu barua za wakwe na za mashauri ya viwanja, na baada ya swala ya alasiri akiwasomesha kisa kile kile na visa vingine, cha Nabii Musa alipokuwa mtoto wa kapuni, cha Nabii Yunus, na watoto walikuja na vibao vyao, na ndoo ya maji iliwekwa hapo mlangoni, hakuna aya iliyofutwa kwa kitambaa kikavu tena. Mwanzoni walikuja watoto wachache, kisha wakaongezeka, wapagazi wa sokoni wakawa wanaketi kidogo kabla ya kwenda makwao, na akina mama walio uani waliacha mapishi yaungue wakisikiliza wake wa mjini wanavyojikata vidole kwa kuduwazwa na uzuri wa Yusuf. Na wazee kadhaa mlio hapa, mliosaini karatasi ya kumkataa, watoto wenu waliingia kwa mlango wa nyuma, nilikuwa nawafungulia mimi, sitawataja, wenyewe mnatazama chini.

Nataka kuuliza jambo moja, na anayejua zaidi yangu anijibu tukirudi kutoka makaburini. Mwezi huu ni wetu wa Maulidi, Ijumaa iliyopita tulikaa sote tukasikiliza, Sheikh Ubeid alisoma, na sauti yake Mungu amemjaalia, alipofika penye utamu akarudia, tukatikisa vichwa, mzee mmoja akalia. Sheikh hakurudia kwa kuwa hatukusikia, alirudia kwa kuwa tumependa, na kupenda neno lilivyowekwa ndiko alikokuwa akisomesha kaka yangu, basi ikiwa sisi watu wazima tunaruhusiwa kulia kwa uzuri wa maneno, kwa nini mtoto akatazwe kuuliza uzuri huo umetoka wapi? Mimi ni mtu wa mizani na kamba za katani, sina elimu, lakini nasema kwamba aliyekiogopa Kitabu hapa si Abbasi, Abbasi alikiamini kwamba kitasimama mbele ya swali lolote la mtoto wa darasa la nne, na waliotaka kukifungia kabatini ndio waliokuwa na wasiwasi nacho.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua. Ulimwanza Agosti 1937, tukadhani ni kikohozi cha vumbi, Februari mwaka huu alilazwa katika Hospitali ya Sewa Haji, akatolewa Aprili akiwa hana nguvu ila sauti, na hiyo sauti aliitumia, watoto walikaa ukumbini naye akisomesha kutoka kitandani. Jumapili iliyopita walikuja watu wawili kutoka msikitini wakamtaka atamke neno la toba ili mambo yawe mepesi, nilikuwa nimemshikilia mgongo, akawaambia polepole, "Kwa Mola wangu nimetubia mengi, mengine hata nyinyi hamyajui mkayasengenya. Kwa kuwafundisha watoto kukisikiliza Kitabu chake sitatubu." Akawaomba kama wamekuja kwa wema basi wamsomee Sura ya Yusuf, mmoja akasoma, mwingine akatoka nje. Mwalimu Abbasi alifariki dunia nyumbani kwake, Mtaa wa Sikukuu, leo Jumanne tarehe 17 Mei 1938, alfajiri, katika mwezi ule ule wa Mfungo Sita aliozaliwa, shahada ikiwa mdomoni mwake, ameacha mjane, watoto watatu, na mdogo wake ambaye ndiye mimi.

Basi hiyo ndiyo sababu sentensi haimo. Nikiisoma nitakuwa nimemsingizia maiti neno ambalo akiwa hai walishindwa kulitoa mdomoni mwake kwa mshahara, kwa kikao wala kwa ugonjwa, na mtu aliyelala hawezi kunikanusha, wizi wa namna hiyo sijaufanya hata kwenye mizani. Sheikh Ubeid, wewe ni mkubwa wangu, umekula wali wa kuhitimu chuo pamoja na huyu, nafasi ya mbele ya jeneza ni yako na tumekuachia, ukija utamswalia Abbasi huyu huyu ambaye hakutubia somo lake, hatuna mwingine ndani. Usipokuja nitasimama mimi, matamshi yangu ni mabovu na wote mnajua, lakini nitamswalia, na kaka yangu hatatoka Kariakoo bila ya swala kwa sababu ya kanzu ya Nabii Yusuf.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Sewa Haji, hasa muuguzi Theopista, ambaye alimgeuzia mto na kuyavumilia maswali yake, nawashukuru majirani walioleta maji, mikeka na unga kabla hatujaomba, wapagazi wa sokoni walioacha mizigo ya leo wakaenda Kisutu kuchimba kaburi, na walimu wenzake ambao wamekatazwa kuja na wamekuja. Nakushukuru wewe Marcelino, umemlinda mwenzako tangu Mahenge. Wanafunzi wa baraza hili wajue kwamba kesho ni Jumatano, msiba haujaanuliwa, kwa hiyo hakuna somo, lakini Jumatano inayofuata lipo, Sitara binti Abbasi atasoma na mimi nitakaa mlangoni, anayekuja kulizuia atanikuta.

Kaka Abbasi, wamekutaka utubu hadi ndani ya sanda, nami mdogo wako nimekataa kwa ajili yako, nenda kwa Mola wako na neno lako lile lile, pumzika kwa amani.